Kujibu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa: Ugonjwa, Tambiko na Utetezi wa Imani ya Kikristo Vurra, West Nile, 1918–1985

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Wakristo wa Vurra, katika wilaya ya Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, walivyoitetea imani yao na kukua ndani yake tangu kufunguliwa kwa misheni ya Arua mwaka 1918 hadi kurejea kwa wakimbizi katikati ya miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba utetezi wa imani Vurra haukuwa kwanza mjadala wa mafundisho. Ulikuwa jibu lililotakiwa nyumbani kila mtu alipougua: nani amesababisha ugonjwa huu, na familia itafanya nini? Hospitali ya Kuluva ilijibu sehemu ya swali hilo. Sehemu iliyobaki, yaani upatanisho wa ndugu, ilijibiwa na ushirika wa waamini. Makala yanahitimisha kwamba imani ilidumu pale majibu haya mawili yalipokutana.

1.0 Utangulizi

Nyaraka mbili zinazobeba jina la Petro katika Agano Jipya zimeweka mizani ambayo Ukristo wa kila kizazi umejipima kwayo. Waraka wa kwanza, katika sura ya tatu, unamdai mwamini awe na jibu kwa yeyote anayemhoji kuhusu tumaini lake. Waraka wa pili unafungwa kwa agizo la kukua. Kutetea na kukua, kwa hiyo, ni wajibu mmoja wenye pande mbili. Hata hivyo, maandishi mengi kuhusu historia ya Kanisa Afrika Mashariki yameutafuta utetezi wa imani katika mihadhara, vitabu vya katekisimu na mabishano baina ya madhehebu. Ni machache yaliyouliza anayehoji ni nani hasa, na anahoji nini.

Vurra ni mahali panapofaa kuulizia swali hilo. Ni kaunti ya Walugbara iliyo kusini mwa mji wa Arua, ikipakana na Kongo. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, nchi iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Mwaka 1910 likawekwa chini ya Sudan, na mwaka 1914 upande wa kusini wa Lado ukaingizwa Uganda. Katika muda wa miaka mitano tu, watu wale wale, katika mashamba yale yale, walitawaliwa na serikali tatu. Misheni ilipofika, ilikuta jamii iliyokwisha kuwaona wageni wengi wakija na kuondoka, nayo ilikuwa na sababu ya kuuliza maswali magumu kabla ya kuamini.

2.0 Swali lililokuwapo kabla ya jibu

Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi miongoni mwa Walugbara kuanzia mwaka 1949 na kuchapisha kitabu chake kuhusu dini yao mwaka 1960, alionyesha kwamba kiini cha dini hiyo kilikuwa ugonjwa. Walugbara walimjua Muumba, Adroa, aliyekuwa mbali na mambo ya kila siku. Waliokuwa karibu ni mababu waliokufa, waliojengewa vibanda vidogo vya mawe ndani na kando ya boma. Mzee wa ukoo alipoona kwamba kijana amemdharau au amewakosea ndugu, aliweza kuketi karibu na vibanda hivyo, akalitafakari kosa lile kwa uchungu. Mababu walimsikia, na mkosaji akaugua.

Ugonjwa ulipotokea, familia ilipiga ramli. Mojawapo ya ramli zilizoheshimiwa ilikuwa ya kijiti kinachosuguliwa huku majina ya watu na mababu yakitajwa mmoja baada ya mwingine. Ramli ilipobaini chanzo, mnyama alitengwa kwa ajili ya tambiko. Jambo la kuzingatiwa hapa ni wakati wa kuchinja: mnyama alichinjwa baada ya mgonjwa kupona. Siku hiyo ukoo ulikusanyika, maneno yaliyokuwa yamefichwa moyoni yakasemwa hadharani, mgonjwa akabarikiwa, na nyama ikagawanywa kwa kufuata udugu.

Mpangilio huu una maana mbili kwa historia ya Ukristo. Kwanza, swali lililomkabili Mkristo wa Vurra halikuwa kama Mungu yupo, kwa sababu jamii nzima ilikwisha kukubali hilo. Swali lilikuwa la vitendo: mtoto anaugua, je, utakubali ramli ipigwe? Pili, kuikataa ramli hakukuwa kukataa ushirikina tu, kama wahubiri wengi walivyodhani. Kulikuwa kuikataa mamlaka ya mzee na kujiondoa katika meza ya upatanisho. Aliyekataa nyama ya tambiko alionekana amewakataa ndugu zake. Hapo ndipo imani ilipohitaji utetezi, na hoja za kitabuni hazikutosha.

3.0 Maji ya Yakan na kuja kwa misheni

Jamii yenyewe ilikuwa imetafuta jibu jipya kabla ya misheni. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ile iliyofuata, magonjwa ya watu na ya mifugo yaliiandama nchi, pamoja na wavamizi wenye bunduki. Katika hali hiyo Rembe, nabii Mkakwa kutoka upande wa kaskazini, aligawa maji yaliyojulikana kwa jina la Yakan. Waliokunywa waliahidiwa kinga dhidi ya maradhi na risasi. Serikali ya Sudan ilimkamata, naye akanyongwa Yei mwaka 1917. Kunyongwa kwake hakukuizima harakati hiyo. Mwaka 1919 ulitokea mgongano wa damu kati ya wafuasi wa Yakan na serikali ya kikoloni.

Misheni ya Kiprotestanti ilifunguliwa Arua mwaka 1918, katikati ya misukosuko hiyo. Wamisionari wake walitoka Africa Inland Mission (AIM), shirika lililoanza kazi Kenya mwaka 1895 na kuingia kaskazini-mashariki mwa Kongo mwaka 1912. Kwa mapatano na Church Missionary Society, kazi ya AIM upande wa Uganda iliendeshwa ndani ya Kanisa la Anglikana. Katika kipindi hicho hicho wamisionari Wakatoliki wa Comboni walijenga misheni yao huko West Nile.

Kwa kuwa yalifuatana hivyo kwa wakati, Yakan na Injili viliweza kuonekana na wasikilizaji kama majibu mawili ya swali moja. Vyote viwili vilitangazwa na wageni. Vyote viwili viliwaita watu wa koo mbalimbali kuwa kundi moja, na maji yalikuwa na nafasi katika vyote viwili. Kwa hiyo mwalimu wa Injili alilazimika kueleza tofauti kati ya maji ya ubatizo na maji ya Rembe. Yakan iliahidi kwamba mwili hautaguswa na maradhi wala risasi. Ubatizo haukutoa ahadi hiyo. Mkristo aliyebatizwa aliweza kuugua kesho yake, na ndugu zake wangemwangalia kuona atafanya nini.

4.0 Jina la Mungu katika lugha ya nyumbani

Kukua katika imani kulihitaji lugha. Kwa wasomi wa Kiswahili, historia ya Vurra ina jambo la pekee: katika ibada za Kilugbara neno Mungu, lililotoka katika Kiswahili, lilishika mizizi kama jina la Muumba, kando ya majina ya asili kama Adroa na Adronga. Kiswahili kilikuwa kimetangulia kufika kwa njia ya misafara, jeshi na kazi za misheni katika Kongo. Kwa Walugbara wengi, kwa hiyo, neno hili la Kiswahili lilizoeleka kama neno la sala kabla hawajaijua lugha yenyewe.

Uteuzi huo ulikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba jina jipya halikubeba hadithi za zamani. Aliyemwita Mungu hakudhaniwa kuwa anayaita mapepo ya porini, ambayo jina lake, adro, linakaribiana na la Muumba. Hasara ni kwamba jina hilo lingeweza kumfanya Mungu wa Wakristo aonekane mgeni, mwenye mamlaka kanisani Jumapili lakini asiye na neno bomani siku ya ugonjwa. Biblia nzima ya Kilugbara ilipochapishwa mwaka 1966, msomaji wa Vurra alipata simulizi za Ayubu, za Hana na za wagonjwa wa Injili katika lugha ambayo mama yake aliielewa. Mwamini aliyetaka kujibu swali la nyumbani sasa aliweza kulijibu kwa maneno ya nyumbani.

5.0 Kuluva: swali la nani na swali la wapi

Katika miaka ya 1940 Dkt. Ted Williams wa AIM alianzisha kazi ya tiba Kuluva, ndani ya Vurra, yapata kilomita 11 kutoka mji wa Arua. Baadaye alijiunga naye mdogo wake, Dkt. Peter Williams. Hospitali hiyo ilihudumia magonjwa ya kila namna, ukiwamo ukoma, na ikaleta jirani na watu wa Vurra jibu jingine la swali la ugonjwa. Mama aliyembeba mtoto mwenye homa sasa alikuwa na njia mbili mbele yake: ya ramli na ya Kuluva.

Kuluva ilipata sifa ya kimataifa kwa sababu ya uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958, alipokuwa akifanya kazi Kampala. Uvimbe huo hukua upesi mno, na bila matibabu mtoto hufa katika muda wa miezi. Mwaka 1961 Burkitt, Ted Williams na Dkt. Cliff Nelson walisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kwenda kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuuliza uvimbe huo unaonekana wapi na hauonekani wapi. Burkitt na Williams walikuwa Wakristo waliouona utafiti kuwa sehemu ya wito wao.

Kuluva yenyewe ilichangia kwa kazi isiyo na makeke, yaani uandishi makini wa kumbukumbu. Kwa kila mtoto mwenye uvimbe ilitakiwa kujulikana ametoka wapi na ugonjwa ulianza lini. Kumbukumbu hizo zilimwezesha Ted Williams, pamoja na M. C. Pike na D. H. Wright, kuchapisha mwaka 1967 uchunguzi wa wagonjwa wa West Nile wa miaka 1961 hadi 1965. Walionyesha kwamba wagonjwa walielekea kutokea karibu karibu kwa mahali na kwa wakati. Katika miaka ya 1970 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilichukua damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1978 yaliimarisha ushahidi wa uhusiano kati ya uvimbe huo na virusi vya Epstein-Barr.

Kwa mada ya makala haya, umuhimu wa kumbukumbu hizo unavuka mipaka ya tiba. Mzazi wa Vurra aliyeona watoto wawili wa jirani wakipatwa na uvimbe mmoja baada ya mwingine alikuwa na sababu nzuri ya kuuliza ni nani anayewaandama. Daktari aliona jambo lile lile, lakini akauliza wapi na lini. Wote wawili walikataa kuamini kwamba jambo hilo limetokea hivi hivi tu. Tofauti ni kwamba swali la nani liliishia kwa kumpata jirani au ndugu wa kulaumiwa, ilhali swali la wapi na lini liliwaacha majirani wakiwa majirani. Kitabu cha kumbukumbu cha hospitali kilikuwa, kwa maana hiyo, utetezi wa jirani asiye na hatia. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo ilitimizwa pale kwa kalamu.

Hata hivyo, hospitali haikulimaliza swali. Ilikwisha kuonekana kwamba tambiko lilifanyika baada ya mgonjwa kupona. Mpangilio huo uliacha nafasi kwa familia kumpeleka mgonjwa Kuluva, kumshukuru daktari, kisha kurudi nyumbani na kumchinja mnyama aliyeahidiwa. Dawa na tambiko havikulazimika kugombana: dawa iliuponya mwili, tambiko liliuponya ukoo. Kwa sababu hiyo, wanaodhani kwamba sindano peke yake ilizishinda dini za jadi wamelisoma suala hili nusu. Jaribu la Mkristo halikuisha mlangoni mwa hospitali. Mara nyingi ndipo lilipoanza, siku ya kurudi nyumbani akiwa mzima.

6.0 Uamsho na meza mpya ya upatanisho

Pengo hilo lilizibwa na harakati iliyotoka kusini. Uamsho wa Balokole, ulioanzia Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ulifika kaskazini mwa Uganda katika miaka ya 1940. Mmoja wa waliouleta alikuwa Eliya Lubulwa, tabibu wa Kiganda. Si jambo dogo kwamba mjumbe huyo alikuwa mtu wa tiba. Wafuasi wake wa kaskazini walijulikana baadaye kwa kuhubiri kwa vipaza sauti vilivyofanana na tarumbeta, na ukali wao uliwaingiza katika mvutano na viongozi wa Kanisa.

Wapinzani wao walilalamikia kelele, majivuno na tabia ya kuwahukumu wengine, na malalamiko hayo hayakukosa msingi. Lakini nyuma ya kelele kulikuwa na taratibu tatu zilizogusa moja kwa moja mahali palipouma. Waliookoka walikutana mara kwa mara katika vikundi vidogo. Walitubu dhambi zao kwa kuzitaja hadharani. Tena walitakiwa kumwendea waliyemkosea, kumwomba radhi na kurudisha walichokichukua.

Ukilinganisha taratibu hizi na tambiko la ukoo, ufanano ni mkubwa. Kule maneno yaliyofichwa yalisemwa mbele ya ndugu. Huku yalisemwa mbele ya ushirika. Kule mkosaji alirudishwa kundini kwa nyama na baraka. Huku alirudishwa kwa msamaha, wimbo na chakula cha pamoja. Tofauti ilikuwa katika nani anayeanza. Katika tambiko, ugonjwa ulimlazimisha mkosaji, na mzee ndiye aliyeshika ufunguo. Katika ushirika, mkosaji alitakiwa kuungama akiwa mzima, bila kungoja maradhi yamwumbue. Hata mzee alipaswa kuungama. Kijana aliyemsikia baba yake akiomba radhi alikuwa ameona jambo ambalo vibanda vya mababu havikuwa na nafasi nalo.

Hapa kutetea na kukua vilikuwa kitu kimoja. Mkristo aliyekataa ramli kisha akaishi na kinyongo hakuwa na jibu. Ndugu zake waliweza kusema kwamba ameuacha upatanisho na hakupata kitu badala yake. Yule aliyekataa ramli lakini akamfuata nduguye usiku kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba alikuwa amelijibu swali lenyewe. Alionyesha kwamba lengo jema la tambiko, yaani amani ya ukoo, limetunzwa, na hofu yake imeondolewa.

7.0 Jaribu la serikali na uhamisho

Jamii iliyojifunza kujibu nyumbani ilitakiwa baadaye kujibu mbele ya serikali. Silvanus Wani, Mkakwa wa West Nile aliyekuwa amewahi kuwa kasisi wa askari wa King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa askofu wa dayosisi ya Madi na West Nile tangu mwaka 1969. Alikuwa wa kabila moja na Idi Amin, ambaye asili ya upande wa baba yake ilikuwa Koboko. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa tarehe 16 Februari 1977, siku chache baada ya maaskofu kumwandikia Amin barua ya malalamiko ya tarehe 10 Februari, Wani ndiye aliyechaguliwa kuchukua nafasi yake. Alibaki katika kiti hicho hadi mwaka 1983. Swali lililoulizwa Vurra kando ya kitanda cha mgonjwa, yaani udugu wa damu unamdai Mkristo kiasi gani, sasa lilimkabili askofu mkuu katika ngazi ya taifa.

Kuanguka kwa Amin mwaka 1979 kuliiletea West Nile kisasi. Baada ya askari wake wa zamani kushambulia Koboko na Arua mwezi Oktoba 1980, jeshi jipya la serikali liliwageukia raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliojihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa kwa risasi na mabomu. Sehemu kubwa ya wakazi wa Arua ilikimbilia Zaire na Sudan. Kwa watu wa Vurra, mpaka ulikuwa wa kuvukwa kwa miguu.

Ng'ambo waliwakuta Walugbara wenzao, na pia kanisa lililozaliwa na AIM hiyo hiyo upande wa Kongo, lisilo na maaskofu wala kitabu cha sala cha Anglikana. Mama alikuwa mmoja, nyumba zilikuwa mbili. Uhamishoni, vibanda vya mababu vilibaki nyuma, na majengo ya kanisa pia yalibaki nyuma. Yaliyoweza kubebwa ni machache: Biblia, nyimbo zilizokaririwa, na desturi ya kukutana, kuungama na kugawana. Imani iliyotegemea jengo au mmisionari ilikuwa katika hatari. Ile iliyokwisha kuwa desturi ya nyumbani ilivuka mpaka pamoja na vyungu na mikeka.

8.0 Hitimisho

Historia ya Vurra inaonyesha kwamba utetezi wa imani hupimwa kwa swali la anayehoji. Katika jamii ambayo ugonjwa ulikuwa lugha ya ugomvi wa ndugu, jibu la Kikristo lilihitaji mikono miwili. Kuluva ilimkinga jirani na lawama kwa kutafuta chanzo cha ugonjwa mahali kilipo. Ushirika uliwapatanisha ndugu bila hofu ya mababu. Hospitali bila ushirika ingeuacha ukoo na majeraha yake. Ushirika bila hospitali ungemwacha mtoto afe huku watu wazima wakisameheana.

Fundisho hili lina uzito hadi leo. Kuluva ingali ikifanya kazi chini ya Kanisa la Uganda na kuwafunza wauguzi, ilhali wahubiri wanaoahidi kinga dhidi ya kila ugonjwa, au wanaowatajia wagonjwa jina la ndugu aliyewaloga, wanapatikana kote Afrika Mashariki. Wale wa kwanza wanarudi kwenye ahadi ya maji ya Rembe. Wa pili wanarudi kwenye kijiti cha ramli, hata wanapolitaja jina la Kristo. Mkristo anayetaka kutetea tumaini lake mbele yao hana haja ya kupaza sauti kuliko wao. Ampeleke mgonjwa hospitali, akatae kumtaja mchawi, na jioni hiyo hiyo amwendee ndugu waliyekosana.